Sabuni Inayouma

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya neno lolote nakuuliza hali yako, na leo nauliza kwa dhati kuliko nilivyowahi kuuliza. U mzima? Chakula cha hapo kambini kinalika? Kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea kimekuacha? Na macho je, umeanza kuvaa miwani ya kazi, au bado unajifanya chuma na wewe? Tafadhali vaa. Daraja litapata fundi mwingine, sisi hatutapata kaka mwingine.

Sisi huku tu wazima kwa mwili. Mama amekonda kidogo, lakini anatembea na anakula. Mimi nipo kidato cha tatu, na katika mtihani wa muhula nimekuwa wa pili darasani na wa kwanza kwa Kiswahili. Ningekupigia simu, ila simu ya nyumbani siku hizi inaishi mfukoni mwa mjomba, kwa kuwa anasema ni simu ya kampuni. Kwa hiyo naandika. Naomba uisome barua hii ukiwa peke yako, mahali ambapo hapatakuwa na mtu wa kukuuliza mbona umenyamaza.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza, maana wewe ndiye uliyembebea mama ndoo ya kwanza. Mchinjaji wa pale kona alikuwa akitupa shahamu nyuma ya bucha, na nzi wakiikalia mpaka inageuka nyeusi. Mama akaiona na akashindwa kuipita. Alisema ni dhambi kitu kioze hali kina kazi ndani yake. Akajifunza kwa yule bibi mpika sabuni, akaunguza mikono kwa kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, akatoboa sufuria tatu, akaendelea. Hakuna aliyemtuma. Tangu baba atutoke sikuwahi kumwona anacheka peke yake, ila siku ile uji wa sabuni ulipokubali kushikana katika sufuria ya nne. Alicheka kama mtu aliyetekenywa.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Mimi nilikuwa naona kinyaa. Ile harufu ya shahamu ikiyeyuka ilikuwa inaingia kwenye nywele, kwenye sare, hata kwenye kurasa za madaftari. Darasani, msichana niliyekaa naye alikuwa akisogeza dawati lake kwa upana wa kiganja kila wiki, hadi ikapatikana njia ya kupita katikati yetu. Waliniita Shahamu. Nikawa nanunua sabuni ya dukani na kuificha chini ya godoro, nikioga kwa siri kwa sabuni ya watu wengine, ilhali mama yangu mzazi anatengeneza sabuni.

Na kilichonikera kuliko vyote ni kule kuramba. Unajua desturi yake. Kila baada ya kukata, mama huchukua mche mmoja kutoka kila fremu ya kugandishia, hugusa kwa ncha ya ulimi, hufumba macho na kusubiri. Ukimuuma kama betri ya tochi, kostiki bado iko hai ndani, na fremu nzima inarudi rafuni. Usipouma, anaandika kwa chaki kwamba imelala. Wiki nne zikitimia anaramba tena, na ni hapo tu sabuni inatoka nje ya nyumba yetu. Siku moja mwenzangu wa darasani alikuja kuazima kitabu, akamkuta mama amesimama mlangoni, macho amefumba, ulimi nje juu ya mche wa sabuni. Jumatatu yake darasa zima lilikuwa linaramba rula nikipita. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba anatutia aibu. Akasema ngozi za watu si zake za kujaribia, ulimi ndio wake.

Mjomba alikuja wakati wa mvua, na sanduku moja na suti mbili. Unamjua. Alifuga kuku wakafa, akauza maji ya chupa yakaota ukijani, akafungua shule ya udereva yenye gari moja lisilo na breki. Safari hii alituambia amehudhuria semina, na huko amegundua kwamba kilichomwangusha miaka yote si kuku wala breki, ni kukosa shauku. Mama Pacha, ambaye ulimwacha akija kumsaidia mama siku moja moja na sasa ni mfanyakazi kamili, aliuliza kwa heshima zote kama na kuku nao walikosa shauku. Mama alimkanyaga mguu chini ya meza.

Mjomba alimwambia mama kwamba ana dhahabu mikononi na anaichezea kama udongo. Akaandikisha kampuni, akajiita mkurugenzi, akachapisha kadi. Wakaajiriwa wanawake wengine wawili. Kila asubuhi alitupanga uani kwa duara, tukishikana mikono, yeye akipiga kelele kwamba moto, nasi tuitikie kwamba uwake. Alisema kampuni haijengwi kwa sufuria, inajengwa kwa moyo unaoungua. Mama Pacha alikuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akininong'oneza kwamba moyo wake hauungui, unataka kufika nyumbani mapema kabla wale watoto wawili hawajamaliza kuibomoa nyumba.

Nilimwamini mjomba, kaka. Nataka ujue hilo. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniambia kwamba harufu ile ingeisha, kwamba tungekuwa na jengo, na mtambo, na maboksi yenye maua. Sikutazama alichokuwa akifanya. Leo nikikumbuka naona kinyaa: mwanamume aliyehubiri shauku ya sabuni kila siku hakuwahi kuingia jikoni bila leso puani. Alisimama mlangoni, akatoa amri, akaenda kunawa. Na alinawa, nimekuja kujua, kwa sabuni ya dukani kama mimi.

Kisha likaja shindano la wajasiriamali. Mshindi angepewa jengo la karakana kwa miaka mitatu, mtambo wa kukorogea, na nafasi katika rafu za maduka makubwa. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili, na la mwisho lilisema: eleza shauku iliyokusukuma kuanzisha kampuni yako. Mjomba alimsomea swali hilo mama akiwa anakata sabuni kwa waya. Mama alifikiri, akajibu kwamba aliona shahamu inaoza akaihurumia. Akafikiri tena, akaongeza kwamba anapenda kuona mafuta, ambayo ndiyo yanayochafua, yakigeuka kuwa kitu kinachoondoa uchafu, na kwamba ameyaona mara mia na bado hajazoea. Halafu akasema basi, ni hayo, na kuendelea kukata.

Mjomba alishika kichwa. Alisema majaji hawataki nzi wa bucha, wanataka machozi. Alisema watu wenye kampuni kubwa wote wana jeraha, na mwenye kampuni asiye na jeraha ni mchuuzi tu. Mama alimjibu kwamba jeraha analo, akamwonyesha mkono ulioungua kostiki. Mjomba akasema si hilo.

Fomu ilijazwa na ikapelekwa. Mama hakuisoma. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, kwa kuwa aliwaamini walioijaza.

Siku ya fainali tulikwenda wote. Ukumbi ulikuwa na viti vyenye vitambaa na meza yenye chupa za maji kwa ajili ya majaji. Mjomba alimwomba mama akae mbele na asiseme kitu, yeye angesema kwa niaba yake. Akasoma jibu la swali la kumi na mbili, polepole, akinyamaza pale panapotakiwa kunyamazwa. Nitakuambia alichosoma, ila si sasa hivi, kalamu yangu bado inatafuta ujasiri. Kwa sasa jua tu kwamba jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliivua akafuta macho. Nyuma yetu mtu alikuwa akivuta kamasi. Na mama yetu naye alilia, mabega yakitikisika, na mpiga picha akamsogelea karibu kabisa. Wote walidhani analia kwa sababu wanayoijua wao. Tukashinda.

Tulihamia karakana mpya mwezi ule ule. Ni jengo zuri, sitadanganya, lina sakafu ya vigae na feni darini. Maagizo yalikuja mengi kuliko fremu zetu. Mjomba akatangaza kwamba wiki nne ni anasa ya wapishi wa uani, sabuni ya kampuni itakaa siku nane. Mama alisema hapana. Mjomba alimjibu kwamba atakuwa amewasaliti wanawake watatu walioacha kazi zao kumfuata. Akaongeza kwamba, kwa kuwa sasa tunapokea wageni, ile tabia ya kuramba ikome, maana ni uchafu na inaharibu sura ya kampuni. Mimi nilikuwepo. Na ndani yangu, kaka, nilifurahi kwamba mtu mzima hatimaye amesema.

Nilitegemea mama angeramba kwa siri. Hakuramba. Alikuwa amebadilika tangu siku ya ukumbini. Anafika, anavaa glavu, anapima, anawasha mtambo, anakaa kwenye kiti. Mama Pacha alimuuliza kama anaumwa. Alisema ulimi wake umekufa ganzi, hata chumvi haisikii. Ukimwona ungedhani ni mfanyakazi aliyekodishwa katika kampuni yake mwenyewe. Kila asubuhi mjomba bado alikuwa anapiga kelele za moto, na mama alikuwa anaitikia uwake kwa sauti ya mtu anayejibu akiulizwa bei.

Wiki tatu zilizopita, Ijumaa, nilipitia karakana kutoka shule nikamkuta fundi cherehani mmoja, mwanamke kijana, amesimama katikati ya vigae na mtoto wa miezi minane begani. Mtoto alikuwa na upele wa kawaida wa joto, na mama yake alinunua sabuni yetu kwa sababu ya maneno yaliyo kwenye boksi. Alimwogesha nayo siku tatu. Alipomfungua kanga nikaona shingo na makwapa. Ngozi ilikuwa imebanduka, imelowa, nyekundu kama ndani ya shavu. Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa ametulia kwa namna ambayo mtoto hapaswi kutulia.

Mjomba alimpa pole, akasema kila mwili una tabia yake. Kisha, sikiliza kaka, akamwekea katoni nzima ya sabuni ile ile miguuni, ya bure, na kumwomba asipeleke neno nje. Nilitoka mbio hadi kwenye mfereji wa nyuma na kutapika chakula chote cha mchana. Harufu ya shahamu haijawahi kunitapisha, hata mara moja. Ile katoni ilinitapisha.

Niliporudi, mama alikuwa ameinuka kitini. Alichukua mche kutoka katoni ile na kuuramba mbele ya wote. Akatema mate sakafuni, akafuta mdomo kwa kiwiko, akamwambia yule dada twende. Alikwenda naye zahanati na kukaa naye hadi jioni. Daktari amesema ngozi itarudi, na kwa kweli imeanza kurudi, nilimwona mtoto Jumatano, amenenepa na alinivuta nywele. Tangu Ijumaa ile mama amezima mtambo. Mjomba amewaambia wenye maduka kwamba tunafanya matengenezo.

Lakini kuna neno ambalo yule dada alisema wakati akimfunga mtoto kanga, na ndilo lililonileta kwenye karatasi hii. Alisema hakuwa na sababu ya kuogopa sabuni yetu. Alisema mama aliyepoteza mtoto wake hawezi kumdhuru mtoto wa mwenziwe.

Kaka, sasa nakueleza kilichosomwa ukumbini, na ukitaka kuichana barua hii baada ya hapa sitakulaumu.

Kilisema kwamba mama alikuwa na kijana wake wa kwanza, mpole, mwenye akili. Kwamba alipofika miaka saba ngozi yake ilianza kuchubuka, na hakuna sabuni ya dukani iliyomfaa, zote zilimuunguza. Kwamba mama alikesha akichanganya mafuta kwa mikono yake akitafuta itakayomponya, na akaipata, lakini ikawa amechelewa kwa siku moja. Kwamba kijana alifia mikononi mwake, na neno lake la mwisho lilikuwa, Mama, nioshe. Na kwamba kutoka kwenye kaburi hilo dogo ndiko ilikoota kampuni hii.

Kijana huyo ni wewe. Na aliyekuua si mjomba. Ni mimi.

Mjomba alinijia na fomu tupu, akaniambia kwamba kalamu yangu ina baraka, niandike kitu kitakachowagusa. Hakuniambia niandike nini. Alisema tu lazima pawe na mtoto. Ningeweza kubuni mtoto asiye wetu. Nilikuchukua wewe kwa kuwa nilikuwa na kitu cha kweli cha kuanzia, ule upele ulioupata ukiwa darasa la kwanza, ambao mama alikuogesha kwa maji ya chumvi na baada ya wiki mbili ukarudi kucheza mpira. Mwalimu alitufundisha kwamba insha nzuri huanzia kwenye jambo unalolijua. Basi nikaanzia hapo, nikaendelea, na ilipofika pale pa kukuponya nikaona kwamba ukifa insha itakuwa nzuri zaidi.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Pale ukumbini, watu walipoanza kulia, nilikuwa nahesabu. Nilihesabu leso. Yule jaji alipovua miwani nilihisi raha kifuani ambayo sijawahi kuihisi, hata siku ya matokeo. Niliamini hiyo ndiyo shauku yenyewe, kwamba hatimaye nami nimeipata. Nikageuka kumtazama mama ili aone kilichofanywa na binti yake, ndipo nikamwona analia.

Hakunipiga. Hakunigombeza. Jioni ile tulipokuwa tunamenya viazi aliniuliza swali moja tu, nilikuzika wapi. Nikamjibu kwamba mazishi sikuyaandika. Akasema basi nimemwachia yeye kazi hiyo. Tangu hapo hajasema lolote kuhusu jambo lile, na mimi sikujua kwamba mtu anaweza kutamani kofi.

Mjomba alichukua picha yako, ile ya sare na sweta, umeng'oka meno mawili ya mbele. Akaikuza, akaiweka kwenye fremu yenye utepe mweusi, akaitundika ukutani mkabala na mlango wa karakana. Ipo pia kwenye boksi, ndogo, juu ya maua, na maneno yangu yamechapwa chini yake. Wageni wakiingia husimama mbele yake na kuinamisha vichwa. Mtaa huu mpya hakuna anayetujua, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Mama akipita pale hutazama vigae. Mimi nimejaribu kuizoea na nimeshindwa. Unanicheka mle ndani, kaka, na pengo lako.

Sasa umetuma ujumbe kwamba umepata likizo na utafika mwisho wa mwezi. Wiki hiyo hiyo ndio uzinduzi rasmi wa kampuni. Watakuja waliotoa tuzo, na wenye maduka, na watu wa magazeti. Mjomba aliposoma ujumbe wako alikaa chini. Kisha akaniita na kuniagiza nikuandikie barua tamu, kama ninavyojua mimi, nikuombe uahirishe safari hadi mambo yatulie, na ikibidi nikuambie kwamba nyumba inapakwa rangi na hakuna pa kulala. Alisema ukionekana tu, jengo linaondoka, mtambo unaondoka, na wale wanawake watatu wanarudi nyumbani mikono mitupu. Alisema wewe ni mtu mzima na utaelewa kwamba kufa kidogo kwa ajili ya familia si jambo kubwa.

Niliiandika barua hiyo. Ni nzuri, utaipenda, ina utani wa rangi ya ukuta. Ameisoma akacheka na ataiposti kesho. Utapokea mbili basi. Hii ndiyo yangu.

Sijui kitakachotokea ukija. Pengine mjomba ana haki na tutapoteza kila kitu, hata rafu. Nimewaza juu ya Mama Pacha na wale watoto wake, watakula nini. Lakini nimewaza pia kwamba ukikaa huko mwaka huu, mwakani itabidi ukae tena, kwa sababu wageni hawataisha. Nitaolewa siku moja na utakuwa umekufa. Mama atazeeka na utakuwa umekufa. Mtoto wa fundi cherehani alikuwa na ngozi yake mwenyewe, haikuwa insha, na ilibanduka kwa sababu ya maneno yangu. Nachukia mkono huu unaoandika. Naujaribu tu kuona kama unaweza kuandika kitu ambacho ni kweli kuanzia juu hadi chini. Hiyo ndiyo yote niliyo nayo, na nadhani si haba kwa kuanzia.

Kaka, nilipofika hapo nililazimika kuinua kalamu. Ni Jumapili mchana, nimejificha chumba cha kukaushia sabuni, nikidhani hakuna mtu. Mama ameingia. Sikupata nafasi ya kuzificha karatasi. Ameokota kurasa moja moja kutoka kwenye rafu na kuzisoma amesimama, midomo ikicheza, anavyosoma yeye. Ule ukurasa unamokufa ameusoma haraka, kama mtu anayepita kando ya mbwa. Alipomaliza amezipanga vizuri, pembe kwa pembe. Nilikuwa nasubiri azichane.

Ameniambia nikusalimu. Halafu amesema nikuandikie kwamba usije mwisho wa mwezi tu, uje siku yenyewe ya uzinduzi, Jumamosi, saa nne kamili, wageni wakiwa wamekwisha kaa. Nikamuuliza kama ana hakika, na vipi kuhusu jengo. Amesema sufuria ile ya nne ipo bado, haijatoboka, na bucha halijafungwa. Amesema nikuelekeze njia. Kuna mlango wa nyuma wa wafanyakazi ambao ni rahisi kutoka kituo cha basi, lakini mama amesema nisikuelekeze huo. Amesema uingie kwa mlango wa mbele, utembee juu ya vigae, na usiharakishe.

Mama Pacha anakusalimu sana. Nimemwambia, maana naye ana haki ya kujua kazi yake inakokwenda. Alisema heri arudi kufua nguo za watu kuliko kula kwa kaburi la mtu anayekula ugali. Anasema ukifika ataanza kwa kukufinya, ahakikishe kwamba si mzimu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza mara moja, njoo hivyo hivyo ukiwa umekasirika, nitakupokea mzigo.

Ni mimi mdogo wako wa pekee, ambaye ulizoea kumwita

Chiriku.